Muulize Mzee Makali: Visu Vilivyo Uchi

Wiki hii mfuko wa barua umejaa visu. Msomaji mmoja ametuma hata kisu chenyewe, ndani ya bahasha, bila kukivika chochote. Karani wetu anayefungua barua sasa anaandika kwa mkono wa kushoto. Kwa heshima ya mkono wake wa kulia, leo tunajibu visu peke yake.

*Mzee Makali, shikamoo. Nauza chakula karibu na stesheni ya Tabora. Jioni natia visu vyote kwenye beseni pamoja na miko, na asubuhi nikipeleka mkono nakatwa. Mume wangu anasema nimelogwa, twende Sikonge kwa mtaalamu. Niende?*
*Mama Vidole, Stesheni*

Marahaba, Mama Vidole. Mchawi gani huyo anayeingia zamu kila alfajiri, hata Jumapili? Nauli ya Sikonge nunulia mkaa.

Tafuta dumu la mafuta lililotoboka. Kata kipande kilichozidi kidogo urefu wa bapa, upana wake uwe zaidi ya mara mbili ya bapa. Kilainishe kwa maji yanayochemka, kikunje kwa urefu, mgongo wa kisu ulale kwenye mkunjo. Upande wa makali ndiko wengi wanakoharibu: wanashona kuta mbili tu, na kisu kinakata uzi kabla wiki haijaisha. Weka ukanda mwembamba wa plastiki hiyohiyo kati ya kuta, kuanzia mdomoni hadi kwenye ncha. Toboa matundu kwa msumari wa moto, shona kwa shazia na uzi wa nailoni, uzi upite ndani ya ukanda huo. Makali yataguguna ukanda na uzi utabaki mzima. Acha kitundu kidogo nchani maji yapate pa kutokea. Mume ashike dumu wakati unakata, apate kazi nyingine mbali na utabiri.

*Mzee, mimi ni mrina asali. Kisu changu kilifuliwa kwa springi ya gari, nikakishonea ala ya ngozi ya mbuzi. Kila msimu nakikuta na kutu. Jirani anasema mbuzi alikuwa wa mahari ambayo haikuisha kulipwa. Je, nitumie gome la myombo, kama wazee walivyotengeneza mizinga?*
*Mrina, Sikonge*

Mrina, mahari malizia, ila kutu haikutoka huko. Asali huvuta unyevu wa hewani, tena ina uchachu. Ukirudisha kisu alani kikiwa kinanata, na ngozi yenyewe ikiwa ilitiwa chumvi wakati wa kuwambwa, umekifungia chuma ndani na kila kinachokila. Osha kwa maji ya moto, kausha, paka mafuta ya kula kidogo. Ala ya ngozi ni ya safarini. Nyumbani kitoe, kiviringishe kwa kitambaa kikavu, kiweke juu, mahali ambapo mtoto hafiki.

Ama gome, ni la bei ghali kuliko unavyodhani. Mti ukivuliwa gome kuzunguka shina hufa, ndiyo maana mizinga ya magome inapigwa vita siku hizi. Na nyuki wako wanakula maua ya miti hiyohiyo. Utakuwa umewanyima nyuki chakula ili kisu cha kuwanyang'anya asali kipate koti. Ukilitaka sana, bandua kwenye gogo lililokwisha kukatwa.

*Mzee, nina panga kali sana. Napenda kulichomeka kiunoni wazi, watu waone kwamba Mnyamwezi ni mwanaume. Mama ananigombeza. Mwambie.*
*Simba wa Gongoni*

Simba, mama yuko sahihi, na babu zako pia wangemuunga mkono. Wasafiri Waingereza Burton na Speke walipofika hapa Tabora, enzi hizo Kazeh, mwaka 1857, walikuta njia ambayo Wanyamwezi walikuwa wameizoea kwa miaka mingi. Pagazi alibeba mzigo wa kilo thelathini hivi, na msafara ulikwenda mmoja nyuma ya mwingine kwenye kijia chembamba, kutoka huku hadi pwani. Aliye nyuma yako ana pembe ya ndovu begani, haoni hata miguu yake. Panga lako wazi lingemtisha nani, kama si mwenzako?

Kama damu ya mababu haitoshi, tazama bendera ya Oman. Tangu 1970 ina jambia pembeni, na jambia hilo limo alani. Dola nzima imevika silaha yake mbele ya ulimwengu, wewe Gongoni unamwonyesha nani? Nenda kwa fundi wa makatambuga, mwombe kipande cha tairi la pikipiki. La lori liache, lina nyaya za chuma zitakazokukwaruzia bapa.

*Mzee Makali, mama mkwe amekuja kutoka Nzega kutusaidia kukata viazi vya michembe. Kila kisu anakichomeka gunzi kwenye ncha na kukizungushia gazeti. Wageni wakija naona aibu. Nimkatazeje kwa adabu?*
*Mkwe Mwenye Aibu, Urambo*

Kwa adabu, nyamaza. Huyo mama ameelewa jambo ambalo wenzako wote humu hawajalielewa: mwenye kisu anajua alipokiweka, anayekatwa ni mwingine. Wakati wa michembe kisu hupotelea chini ya rundo la maganda, na watoto ndio wanaotumwa kuyazoa. Gunzi kavu lina moyo laini, ncha huingia na kutulia. Gazeti tu ndilo lina kasoro, linashika maji ya viazi. Mletee boksi na selotepu, na umwamkie kwa magoti yote mawili.

*Mzee, jirani yangu Mzaramo anaazima kisu na ala yake, anarudisha kisu peke yake. Ni mtani wangu, siwezi kumshitaki. Nifanyeje?*
*Mnyamwezi Mpole, Ipuli*

Mpole, utani huo umetoka mbali, kwenye misafara ileile ya pwani, na mtani ana haki ya kuchukua chako ukicheka. Lakini haki hiyo ni ya pande zote mbili. Akija tena kubisha hodi, wakati yuko ndani anakunywa maji yako, chukua kandambili moja aliyoivua mlangoni. Pasua soli kwa urefu, katikati ya unene wake, usifike ukingoni, kisha chomeka kisu. Ile ya pili muachie, aendee nayo nyumbani.