Kasida ya Dakika ya Adhabu

Mshindi wa rali ana watu wa kumsifu tayari. Ana kombe, ana shada, na zamani picha yake ilitoka gazetini Jumanne ya Pasaka. Adhabu haina mtu. Basi leo naisifu mimi: ile dakika moja iliyoandikwa kwa kalamu kwenye kadi ya dereva aliyechelewa kufika kituoni, ikawa alama moja, na alama hiyo ikazaa ugomvi wa ukoo mzima.

Kwanza, haina ubaguzi. Rali ya Safari ilianza mwaka 1953, na miaka ile magari yalipouzunguka Mlima Kenya, Nyeri, Nanyuki, Meru hadi Embu, masika yalikuwa yametangulia kutandika njia. Tope halikuuliza nani analipwa na kiwanda na nani ameazima gari la shemeji. Mwaka 1968 yaliondoka magari 93, yakamaliza 7. Wenye magari waliona balaa. Wanakijiji waliosimama kando ya barabara na kamba, majembe na mabega yao waliona mavuno, na wapo wanaoapa kwamba tope likithubutu kukauka liliongezewa maji kwa ndoo. Sisemi walifanya hivyo. Nasema tu kwamba kila dakika dereva aliyobishania bei ya kusukumwa iliingia kwenye kadi yake, na kwa njia hiyo mkulima asiye na leseni hata ya baiskeli alikuwa na kura yake katika mashindano ya kimataifa.

Lakini utukufu wake wote ulidhihirika mwaka 1973. Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda aliyehamia Kenya, na Harry Källström wa Uswidi, wote wawili katika Datsun, walimaliza wakiwa na alama za adhabu sawasawa. Maelfu ya kilomita, kisha sare! Kanuni zikafukuliwa: ushindi ni wa yule aliyekwenda mbali zaidi kabla ya kuandikiwa adhabu ya kwanza. Akapewa Mehta. Tazameni uungwana wa jambo hilo. Haikuulizwa nani mwepesi, iliulizwa nani alichelewa kuanza kuchelewa. Wazungu wa magari waliumiza vichwa. Wazee wa Karatina hawakuhitaji kufafanuliwa, maana ndivyo wanavyowapima wakwe zao.

Tangu hapo imepita zaidi ya miaka 50, na bado guka, yaani babu, wa Nyeri anaweza kukupangia kesi ile mezani kwa vizibo vya soda, hiki Mehta, hiki Mswidi, akaisikiliza rufaa upya huku chai ikipoa. Atakuongezea habari za Rauno Aaltonen kutoka Ufini, aliyemaliza wa pili mara nyingi asishinde hata mara moja, na atamsikitikia kama mtoto wa dada yake. Guka huyo hajawahi kumiliki gari. Joginder Singh alishinda mara 3, mwaka 1965, 1974 na 1976. Guka alishangilia, akaenda kukama ng'ombe. Ushindi usio na utata hauna cha kutafuna.

Siku hizi adhabu imepanda cheo. Safari ilirudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021 na makao yake yakawa Naivasha, sisi wa mlimani tukaachiwa kuitazama kwenye simu. Kompyuta inahesabu hadi sehemu ya kumi ya sekunde. Vizibo vimekosa kazi. Hata hivyo adhabu haikutusahau, ilikuja kwa sura ya faini. Mapema mwaka 2025 Adrien Fourmaux wa Ufaransa alitozwa faini ya yuro 10,000 kwa neno moja chafu lililomtoka mbele ya kamera katika rali ya Uswidi. Wenzake wakanuna. Walipofika Naivasha mwezi Machi, kuna walionyamaza walipohojiwa mwishoni mwa mkondo na kuna waliojibu kwa lugha za mama zao. Pigeni hesabu wenyewe: kwa bei hiyo, makanga mmoja wa matatu, kutoka Nyeri hadi Chaka tu, siku ya soko, anadaiwa Mlima Kenya pamoja na theluji yake.

Ee adhabu, tunakuomba uwarudishe madereva huku kwetu wakati wa mvua. Na ukija usituletee zile za sekunde 10 zinazokwisha kabla ya taarifa ya habari. Tuletee ya kukatiwa rufaa hadi Krismasi.