Dhambi Yetu Ina Sababu, Yao Ina Kabila

Mxiuu! Jamani, leo tusemezane. Huku Fizi, mashariki mwa Kongo, toka Baraka ziwani mpaka Minembwe kule juu, binti akishika mimba bila ndoa, Jumapili haijafika kanisa zima lina habari. Anatengwa. Anakaa benchi la nyuma karibu na mlango, kitenge amekikaza, Meza ya Bwana inampita mpaka siku atakapoungama mbele ya watu. Aliyempa mimba yuko kwaya, anapiga gitaa.

Haya, na yule aliyerudi na kundi la ng'ombe asiojua hata wanaitwaje? Huyo anatoa sadaka ya shukrani, tena pasta anamwombea azidishiwe!

Mimi si pasta, lakini masikio ninayo. Kitabu cha Kutoka, sura ya 22: ukiiba ng'ombe ukamchinja au ukamuuza, unalipa watano. Zakayo naye hakuishia kumkaribisha Yesu nyumbani, aliahidi kurudisha mara nne. Mbona mahubiri hayo hatuyasikii, sisi wenye ng'ombe na wezi wa ng'ombe? Tunaimba toba, mali ya watu iko zizini.

Halafu tukivuka upande wa pili, kwa kabila jingine, hatuulizi tena nani kafanya. Makobola, mwisho wa 1998, raia waliuawa kwa mamia; mpaka leo mtu wa kabila la Banyamulenge aliyezaliwa baadaye anadaiwa damu ile. Lweba, Disemba 2021, umati ulimtoa afisa wa jeshi la taifa, FARDC, kwenye msafara, ukamuua, ukamchoma, kisa ni Munyamulenge. Akiua mtu wa kabila la Babembe, tunasema, "Babembe ndivyo walivyo." Akiua wetu, alikuwa anajilinda. Dhambi yetu ina sababu, yao ina kabila. Na Ezekieli 18 imo kwenye Biblia hizohizo tunazobeba kwapani: mwana halipi deni la baba, kila mtu na lake.

Ajabu, wanajeshi ndio walioelewa. Februari 2011, hapa hapa Baraka, mahakama ya kijeshi ilimpa Luteni Kanali Kibibi miaka 20 kwa ubakaji wa Fizi siku ya mwaka mpya. Jina, cheo, kosa, kifungo. Kabila halikupanda kizimbani.

Basi na wachungaji wajaribu Jumapili moja tu: mwenye ng'ombe wa watu aje mbele kwa jina lake, na wale ng'ombe watano wa kulipa wamfuate nyuma. Mtaona foleni ya toba itakavyokuwa fupi.