Kabla Hujanunua Flashi, Mtafute Shangazi

Mtu akiamua kupanga picha za nyumbani, hukimbilia duka la vifaa vya simu. Ananunua flashi, anaimwagia kila kilichomo kwenye simu: sahani za pilau za harusini, risiti, matangazo ya misiba ya watu asiowajua, na maua ya "asubuhi njema" kutoka kundi la ukoo. Kisha analala akiamini kaokoa historia ya familia. Pilau ina picha thelathini, babu mzaa baba ana moja, nayo haina jina.

Kwa hiyo flashi isubiri. Mtafute kwanza shangazi, au yeyote aliyekula chumvi nyingi na bado anakumbuka. Mwendee mchana kwenye mwanga wa kutosha, wala usingoje msiba ndipo umfunulie albamu. Washa kinasa sauti cha simu. Akianza habari za ugomvi wa shamba la minazi, usimkatize, maana humo ndimo yatakamotoka majina ya wale watatu waliosimama nyuma. Muulize nani, wapi, mwaka gani. Mwaka akiusahau, muulize ilikuwa kabla au baada ya kuzaliwa nani.

Majina yaandike nyuma ya picha, kwa penseli laini, picha imelazwa kifudifudi juu ya meza safi. Andika pembeni, bila kukandamiza. Biro huacha mifereji inayotokeza upande wa pili, na wino wake unaweza kuhamia kwenye picha ya chini yake. Andika jina kamili: "Mama Juma" wapo wengi, na mjukuu hatajua ni yupi.

Ukikuta mhuri wa studio, usiufunike. Capital Art Studio ya Mji Mkongwe, Zanzibar, ilianzishwa na Ranchhod Oza mwaka 1930. Bakor Studio ya Lamu ilianza miaka ya 1960. Mhuri kama huo, hata bila neno jingine, unakupa mji na kipindi cha kuanzia kutafuta.

Sasa ile albamu ya kurasa za kunata, fahari ya kila sebule miaka ya 1980. Gundi yake inageuka manjano na kuila picha, kwa hiyo zitoe. Piga kwanza picha ya ukurasa mzima, kisha pitisha uzi wa meno taratibu kati ya picha na karatasi, kama anayekata ugali kwa uzi. Ikigoma, iache. Na iliyogandana na kioo cha fremu usiibandue kabisa, uso wa mtu utabaki kwenye kioo. Iskani hivyo hivyo.

Anza kuskani zile za rangi. Picha nyingi za rangi za miaka ya 1970 zimeshakuwa nyekundu, wakati babu wa nyeusi na nyeupe bado anakutazama vizuri. Mikanda ya filamu usiitupe, maana picha inaweza kusafishwa upya kutoka humo. Pini na mipira ya kufungia ondoa. Pwani kuna unyevu na ukungu, bara kuna mchwa: weka picha kwenye bahasha za karatasi, ndani ya sanduku lililoinuliwa kutoka sakafuni, katika chumba mnamolala watu. Stoo hapana.

Za simu sasa. Futa pilau, bakiza moja. WhatsApp huibana picha na kuipunguza ubora, kwa hiyo ya maana itume kama hati. Mpiga picha Peter Krogh ndiye aliyeeneza kanuni ya nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili tofauti, moja ikikaa mbali na nyumbani. Hapo ndipo flashi yako inapata kazi, ikiwa nakala moja kati ya tatu. Google Photos nayo, ukiitumia kwa ile nakala ya mbali, iliacha kuhifadhi bila kikomo bure Juni 2021; siku hizi unapewa GB 15, na barua pepe zako zinakula humo humo.

Na nyumbani kwako awepo mtu mmoja anayejua nywila ya akaunti yako ya Google. Mwambie leo.