Jinsi ya Kulirudisha Barabarani Gari la Waya la Baba

Gari la waya lililolala darini tangu baba mtu amalize darasa la saba linaweza kurudi barabarani, mradi taratibu zifuatwe. Utaratibu wa kwanza ni kumwondoa baba mtu. Huyo ndiye atakayelishika kwa ncha za vidole, alipulize vumbi, asimulie lilivyowashinda wenzake mtaa mzima, kisha atake kuliweka kabatini juu ya kitambaa cha kufuma, pembeni ya vikombe vya wageni. Mtume dukani akanunue siki. Siki inahitajika kweli.

Akishatoka, mkabidhi binti yake gari, na muanze ukaguzi. Swali la kwanza: hili ni gari gani? Watoto wa Dar es Salaam waliunda walichokiona kikipita. Waliokua wakati wa Ikarus za UDA, shirika la usafiri la jiji, yale mabasi marefu yenye kiungo katikati, waliunda Ikarus. Wadogo zao wakahamia kwenye vipanya, yale mabasi madogo. Kwa hiyo hesabuni ekseli kabla ya kugusa chochote, msije mkaling'oa tairi la katikati la basi kamili mkidhani ni mabaki ya ajali.

Baba akirudi na siki, ipokee mlangoni na umshukuru.

Sasa tazameni waya wenyewe, kwa sababu hapa ndipo magari mengi yanapofia mikononi mwa waganga wake. Waya mweusi wa kufungia nondo ulowekwe kwenye siki usiku mmoja, usuguliwe kwa mswaki mkuukuu, usuuzwe kwa maji yenye magadi kidogo ili kuua ukali wa siki, ukaushwe papo hapo na kupakwa mafuta. Waya mweupe, ule wa uzio uliopakwa zinki, usilowekwe: siki italila lile koti linalouzuia usipate kutu. Huo unatosha kufutwa kwa kitambaa.

Palipopinda pasinyooshwe kwa pupa. Waya ukikunjwa na kukunjuliwa mahali pamoja huwa mgumu, kisha hukatika. Mwarobaini wake ni moto: weka kipande cha waya mweusi kwenye makaa hadi kiwe chekundu, ukiache kipoe taratibu chenyewe, nacho kitalainika na kukubali kupindwa upya. Kazi hiyo ni ya mtu mzima. Waya wenye zinki usiwekwe motoni kabisa, maana moshi wake huleta homa na maumivu ya kifua. Ncha zote zipindwe kwa ndani kwa plaizi, na chanjo ya mtoto ya pepopunda ihakikiwe, kwa sababu atachomwa tu.

Matairi ya zamani yatakuwa yamekauka na kupasuka. Tafuteni ndala zilizokwisha kisigino. Sehemu ya mbele bado ina unene. Weka mfuniko wa kopo juu yake, chora duara, kata, kisha toboa katikati kwa msumari uliopashwa moto. Tundu likikaa pembeni hata kidogo, gari litachechemea kama mzee wa kiatu kimoja. Kunja waya pande zote mbili za tairi ili lisichomoke wala lisibane.

Kama bodi ya bati ilipakwa rangi ya mafuta zamani, msiikwangue. Rangi nyingi za enzi hizo zilitiwa madini ya risasi, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Ling'oeni bati lile, mkate jingine kwenye kopo safi.

Usukani nimeuweka mwisho kwa makusudi. Ule mti mrefu unaoushika ulipimwa kwa kimo cha baba alipokuwa na miaka kumi. Dereva amebadilika, kwa hiyo upimwe upya: duara la usukani likae usawa wa kifua cha binti anaposimama nyuma ya gari. Hapa baba atapinga, atasema ule ni wa asili. Asikilizwe kwa heshima, na mti ukatwe.

Kila hatua niliyoitaja, isipokuwa za moto, ifanywe na mtoto. Hili silifanyii mzaha. Gari hili lilipata thamani kwa kuwa mtoto alilifikiria, akaokota vifaa, akakosea, akarudia. Ukimtengenezea likawa zuri, umempa kitu cha kutunza. Akilitengeneza mwenyewe likaenda upande, amepata ufundi. Na likivunjika Jumamosi ijayo, hakuna hasara, kwani anajua pa kuanzia.

Wazazi, plaizi zisifungiwe. Ziacheni mahali mtoto anapozifikia, na ndala zilizokatika msizitupe.