Malaika kwa Mwendo wa Singeli

"Malaika" unapigwa kwenye harusi zetu tangu sijazaliwa, na bado sijakutana na bibi harusi aliyeuliza kwa nini. Kijana wa wimbo ule hana kitu. Anampenda binti, mahari hana, na wimbo unakwisha hajaoa. Sasa ukiupiga mbele ya bwana harusi aliyeketi ndani ya koti la kuazima, unamtakia nini?

Aliyeurekodi ukavuma ni Fadhili William wa Kenya, miaka ya 1960. Wapo wanaosema mtunzi hasa ni Adam Salim. Ugomvi huo nawaachia wenye hati. Mimi nina ugomvi na wanaourudia. Miriam Makeba namsamehe. Aliuimba na Harry Belafonte kwenye albamu yao ya 1965, na Kiswahili chake kinateleza hapa na pale, lakini huzuni haikuteleza. Boney M, wale wa disko kutoka Ujerumani ya Magharibi, walipoushika mwaka 1981 waliimba shida ya mahari kwa furaha ya watu waliopandishiwa mshahara. Nikajua dhuluma imefika mwisho wake. Kumbe kwenye harusi ya Kibiti nilikuwa sijafika.

Bwana harusi, binamu yangu, ni mvuvi wa kamba huko deltani, upande wa Salale. Bibi harusi ni wa Kibiti penyewe, kwao hapo jirani na barabara ya Kilwa. Mahari ilikuwa imetolewa nusu. Nusu ya pili ilisubiri kamba, na kamba mwaka ule walikuwa na mipango yao mingine.

Mpiga kinanda aliletwa kutoka Dar, na spika zake zilikuwa ndefu kumpita yeye. Bibi yetu, ambaye alikuwa amevumilia tangu alasiri, akamtuma mjukuu aombe wimbo wa zamani, wa kistaarabu. Mpiga kinanda akaitikia kwa heshima zote, akabonyeza kitufe.

Singeli, kwa mgeni, ni muziki uliozaliwa uswahilini Dar, Manzese na Tandale huko, na unavuka midundo 200 kwa dakika bila kuhema. Wenye magoti mazima sina neno nao. Lakini "Malaika" ulitoka nduki. Yule kijana wa wimbo aliyezoea kulalamika taratibu miaka yote hiyo sasa alikuwa anakimbia wadai. Bibi akajifunika ushungi hadi machoni. Mashangazi wa Ikwiriri, hao hawachagui, wakaingia uwanjani na sahani za pilau mikononi.

Maneno yakashindwa na kasi, mpiga kinanda, ambaye ndiye aliyekuwa akiimba, akaamua kuyapunguza. Beti akazitupa, akabaki na pale tu panapotajwa ukosefu wa mali, akapazungusha na kupazungusha, huku amemwinamia bwana harusi apate kutuzwa.

Ndipo aliponyanyuka mjomba wa bibi harusi.

"Dogo, zima kwanza. Hapo pa mali, hebu parudie polepole."

Pakarudiwa. Turubai zima likanyamaza, jenereta tu ndiyo iliyoendelea na mazungumzo yake.

"Wakwe zetu," mjomba akasema, kipaza sauti kimeshaingia mkononi mwake, "sisi tulinyamaza kwa ustaarabu. Mmejitaja wenyewe."

Baba mdogo akajaribu kuokoa jahazi. "Mzee mwenzangu, hiyo ni nyimbo tu."

"Na deni ni deni tu. Na kilemba changu je, nacho kiko kwenye ubeti gani?"

Kanga ikatandazwa upande wetu. Kila mmoja akapekua mfuko, na mimi nikatumbukiza nauli ya kunirudisha Mbagala, kwa sababu shangazi alikuwa amesimama nyuma yangu akitazama kila noti. Mpiga kinanda naye, kwa kuona pesa zinamwagika, akadhani anatuzwa yeye, akawasha tena na kuongeza kasi.

Nasikia siku hizi kila harusi ya ukoo ule ikipangwa, mjomba haulizii ng'ombe wala wapishi. Anaulizia kama yule kijana wa kinanda ameshapewa tarehe.