Katuni Imehamia Kwetu

Kiarabu nilichokwenda nacho masomoni Amman, Jordan, kilikuwa cha madrasa ya Tanga: kila irabu ya mwisho mahali pake, kila kitenzi kimevaa kanzu. Chuo kikanipangia nyumba ya familia moja mlimani, yenye baba, mama, bibi na watoto, ili lugha iniingie yenyewe.

Jioni ile ya kwanza nikasimama sebuleni, nikawashukuru wenyeji kwa sentensi ndefu isiyo na kasoro. Kimya. Mara kitinda mimba akapiga ukelele wa furaha, akatoka mbio kuwaita wenzake ngazini. Nyumbani Waarabu hawasemi Kiarabu fasaha. Hukisikia msikitini, kwenye taarifa ya habari, na katika katuni za Kijapani zilizotiwa sauti za Kiarabu, kama ile ya mcheza mpira Captain Majid, ambaye hata akikosa bao hakosei nahau. Kwa watoto wale sikuwa mwanafunzi kutoka Tanzania. Nilikuwa katuni iliyotoka kwenye televisheni ikaomba chumvi. Ikawa kila wakija wageni, naitwa sebuleni niseme chochote.

Asubuhi moja nikasikia Beethoven barabarani, kile kibao cha "Für Elise", kikilia kwenye kipaza sauti. Nikamsifu bibi kwa kuishi mtaa wa watu wapendao muziki. Bibi akanisukumia mlangoni: hilo ni gari la mitungi ya gesi, na jiko limezimika maharage hayajaiva! Nikashuka ngazi mbio na ndara zangu, nikilikimbiza gari kwa ufasaha wote: "Ewe mwenye mitungi, hebu simama, nakusihi!" Dereva akasimama, maana alicheka hadi usukani ukamshinda. Akaniomba nirudie ili mwenzake anirekodi kwa simu. Nikarudia. Akanipandishia mtungi mpaka juu bila kudai hata senti ya ziada.

Maji nayo yana adabu zake. Jordan ni nchi kavu, na Amman maji ya bomba huja kwa zamu. Yakija hujaza matangi ya juu ya paa, kisha watu huishi kwa akiba hadi zamu nyingine. Mimi wa pwani nilizoea kuoga huku naimba, beti zote. Siku moja, povu likiwa limenijaa hadi masikioni, tangi likakauka. Mama akapenyeza mlangoni chupa moja ya maji ya kunywa, akanikumbusha kwa upole kwamba baba bado hajatawadha.

Kwenye kahawa nilijiamini. Mtu wa Tanga hatishwi na kahawa chungu! Tulipoalikwa kwa jamaa zao, kila nikimaliza kikombe namiminiwa kingine, nami kwa heshima nakunywa. Saa nane za usiku nilikuwa macho makavu kitandani nikinyambua vitenzi. Kesho yake kitinda mimba akanifundisha: ukitosheka, unatikisa kikombe. Jana yake alikuwa amekaa ubavuni pangu muda wote, akihesabu.

Hatimaye ulimi ukalegea. Nikaanza kubishania bei ya nyanya na kuwakaripia watoto wakanielewa, jambo lililowasikitisha sana. Darasani mwalimu akaniuliza swali la nahau, nikamjibu kwa lafudhi ya mama. Akavua miwani.

"Kiarabu hiki umesomea wapi?"

"Jikoni, ustadhi."

Akanikata alama. Mama alipopata habari alihamaki kama aliyetukanwa yeye. Usiku ule akakaa kukunja majani ya mzabibu yaliyojazwa mchele na nyama, asubuhi akanikabidhi bakuli nimpelekee huyo mwalimu. Mwalimu akayala yote, akajifuta vidole, kisha akasema, kwa Kiarabu cha mtaani kabisa, nimwambie mama Mungu aisalimishe mikono yake, ila alama zinabaki pale pale.