Taarab Iliyokwama Ukumbini

Muziki wa mtandaoni ni mzigo mwepesi. Wimbo unaosikilizwa kwa kiwango cha kati, kilobiti 160 kwa sekunde, hula megabaiti 72 kwa saa; ukisikilizwa kwa kilobiti 320 hula mara mbili yake. Laini ya nyumbani ya megabiti 10 ina nafasi ya nyimbo sitini za kiwango cha kati kwa mpigo, na hakuna nyumba ya Mji Mkongwe, Unguja, inayohitaji nyimbo sitini kwa mpigo, hata yenye harusi. Nyingi huhitaji wimbo mmoja tu, usikike chumbani kwa bibi baada ya sala ya isha. Huo mmoja ndio unaokwama.

Shughuli huanza na fundi wa kampuni, anayefika na ngazi, drili na waya uliokadiriwa kwa macho. Waya hutosha kufika mlango wa mbele, basi. Kuta za zamani ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa. Fundi anayetaka tundu jembamba kama kijiti cha mswaki hubandua kipande cha lipu kama sinia, na vumbi lake huingia hadi kwenye chai. Mji wenyewe umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2000, kwa hiyo tundu la pili halijadiliwi. Ruta hubaki ukumbini, karibu na viatu.

Hapo huanza zamu ya wenyeji. Kitu kipya chenye taa za kijani, katika nyumba inayojiheshimu, hakiachwi uchi: hufunikwa kitambaa cha kufuma, kisha huhamishiwa kabatini, kati ya birika la shaba na masinia ya shaba. Kitambaa hakizuii mawimbi, ila huipandisha ruta joto kama mgonjwa wa homa. Shaba ndiyo yenye kosa, maana metali huyarudisha mawimbi yalikotoka. “Bibi, itoe humo, haipumui,” mjukuu husema. Bibi huitoa, huifuta vumbi, huitazama vizuri, na ikifika magharibi imesharudi kabatini.

Mjukuu huyo ndiye pia mpimaji. Hupima kasi, huona 10, hufurahi. Kisha hupakua albamu na kuona simu ikiandika 1.2. Hapo hapo huipigia kampuni kudai zile nane na ushei zilizoibwa. Hakuna kilichoibwa: kasi huuzwa kwa megabiti, mafaili hupimwa kwa megabaiti, na baiti moja ni biti nane. Mhudumu huenda anayajua hayo, lakini hujibu kwa kushauri ruta izimwe na kuwashwa tena.

Kikwazo chenyewe ni ukuta, na ukuta hauna namba ya huduma kwa wateja. Unene wake ni nusu mita hivi, na hunyonya unyevu wa bahari mwaka mzima. Ruta ya kisasa ina sauti mbili: gigahezi 5, yenye kasi kubwa lakini dhaifu wa kupenya, na gigahezi 2.4, ya polepole lakini yenye subira. Jiwe lenye unyevu huzichosha zote mbili. Isitoshe, vyumba ni vyembamba, mita tatu hivi, kwa kuwa upana wake ulifuata urefu wa boriti za mikoko zinazobeba dari. Wimbi likitoka ukuta huu halijapata hata pumzi, limeshakutana na mwingine. Waliojenga walitaka kuzuia joto na macho ya wapita njia. Walifanikiwa kupita kiasi.

Dawa inayonunuliwa kwanza ni repita, nayo huchomekwa chumbani kwa bibi, mahali ambapo mawimbi yameshakata roho. Repita husema upya ilichosikia. Isiposikia kitu hutangaza ukimya, tena simu ikionyesha mistari yote imejaa, jambo linalozidisha hasira. Mahali pake ni nusu ya njia, kwenye ngazi inayotazama ua wa ndani, kwa kuwa uani hakuna paa na mawimbi hupanda humo kama moshi wa jikoni. Dawa ya uhakika zaidi ni waya wa mtandao uliopitishwa uani hadi ghorofani, na kisanduku cha pili mwisho wake. Wengi huifikia baada ya repita ya tatu.

Kabla ya hapo kila nyumba hugundua pembe yake yenye baraka. Katika nyumba moja ya mtaa wa Malindi ilikuwa kidato cha nne cha ngazi. Bibi, ambaye hakuwahi kukanyaga sekondari, aliletewa mto hapo, kisha feni, kisha kahawa, na mwishowe wageni wote wakawa wanapokelewa kidato cha nne. Waliokuwa wakisikiliza vizuri kuliko yeye ni vijana wa barazani, nje, hatua tatu kutoka ruta. Nywila ilikuwa jina la paka, na paka huitwa kwa sauti kila jioni.

Zipo hitilafu ambazo ukuta haumo. Umeme wa Unguja huja kutoka bara kwa waya wa chini ya bahari; hitilafu iliwaacha watu gizani takribani mwezi mzima 2008, na miezi mitatu hivi kuanzia Desemba 2009. Intaneti nayo hupita baharini. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za SEACOM na EASSy zilikatika pamoja, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Siku hiyo kuta zote za mji zilikuwa hazina hatia, na ndiyo siku ruta ya Malindi ilipotolewa kabatini moja kwa moja.

Lililobaki ni kupakua nyimbo mapema, usiku, pale pale ngazini. Simu iliyokwisha kuhifadhi nyimbo za Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab, hupiga chumba chochote, ruta iwe imewaka au imezimwa. Santuri alizorekodi Bombay mwaka 1928 nazo zilipiga chumba chochote, ila gramafoni ilibidi ijazwe kwa mkono.